Mafuta Utajiwekea Mwenyewe

Siku ya pili ya matanga ya kaka Deusi, mtani wake Komba aliingia uwanjani akichechemea. Alikuwa amevaa koti la kaka, sijui nani alimpa, na kofia ngumu ambayo kaka alikuwa akiivaa kwenye skuta yake. Akavuta kigoda mpaka katikati ya watu, akakikalia huku ameweka miguu pamoja, akanyoosha mikono mbele kushika usukani usiokuwepo, kisha akaanza kutoa mlio wa injini kwa midomo. Akaendesha kidogo, akiwapungia watu kulia na kushoto kama kaka alivyokuwa akiwapungia wanakwaya wake. Mara mlio ukamkwama kooni. Akakohoa, akanyamaza, akageuka kututazama sisi wafiwa kwa mshangao. "Jamani," akasema, "imezimaje tena? Mbona mafuta nimejaza?" Uwanja mzima uliangua kicheko. Komba ni Mngoni na sisi ni Wandamba, watani tangu mababu walipokuwa wakifukuzana kwa mikuki, na mtani hakai msibani kulia. Kazi yake ni kuwachekesha waliofiwa mpaka wakumbuke kula. Nami nilicheka nikajishika ubavu. Sikuwa nimelia tangu tulipomtoa kaka hospitali, na nilikuwa nimeanza kujiogopa. Mtu mmoja tu hakucheka, mwanamke wa makamo aliyekaa karibu na mlango wa jiko, kitenge amekivuta mpaka kwenye kidevu. Hakuwa akimtazama Komba, alikuwa akiitazama ile kofia. Ilinichukua muda kumtambua, maana mara ya mwisho nilipomwona alikuwa msichana.

Waliocheka pale wanaujua mzaha wa mafuta. Bonde zima linaujua, hata watoto wa Ifakara wakikuta pikipiki imezimika njiani humwuliza dereva kama amejaza mafuta, kisha wanakimbia. Ila mzaha ni jambo moja na mwaka ulioleta mzaha huo ni jambo jingine. Mwaka ule niliuishi ndani, katika vyumba viwili alivyopanga kaka nyuma ya nyumba ya Mama Furaha muuza vitumbua. Nilikuwa nimekuja mjini kujifunza ushonaji, msichana mwenye mdomo mrefu kuliko uzi niliokuwa nikiushonea, na kaka akanipa chumba cha ndani. Yeye alilala chumba cha mbele, pamoja na kinanda chake cha umeme kilichofunikwa shuka, madaftari ya nyimbo, na skuta. Ndiyo, skuta ililala ndani. Kila jioni aliipandisha kizingitini kwa ubao, akaiegesha kati ya kitanda na meza, na chumba kikanuka petroli na mpira mpaka asubuhi. Nilipolalamika kwamba wali wangu unanuka gereji aliniambia nishukuru kula wali wenye harufu, kwa kuwa wapo wanaokula harufu tupu.

Lazima nieleze kwa nini ilikuwa skuta na si pikipiki kama watu wote. Mguu wa kushoto wa kaka ulipooza akiwa mtoto, ukabaki mwembamba, unamfuata tu. Ifakara ni mji wa baiskeli, nchi tambarare, hata bibi kizee anakwenda sokoni akiwa juu ya tandiko. Kaka alikuwa mwanaume mzima anayetembea kwa fimbo na kupitwa na bibi vizee. Pikipiki nayo gia zake ziko mguu wa kushoto. Skuta haina gia za mguu. Unakaa kama mtu aliye kwenye benchi la kanisa, unavuta mkono, inaondoka. Alipoiona dukani kwa Mzee Salehe, ya kijivu, ya kike kama wahuni wa kijiweni walivyoiita, alikwenda kuitazama siku baada ya siku, na alipoinunua hatimaye aliizungusha mji mzima mpaka giza likaingia. Toka siku hiyo alianza kufundisha kwaya za vijijini peke yake, bila kumwomba mtu lifti. Mkula Jumamosi, na Mofu, kule mtoni kwa wavuvi na wakulima wa mpunga, kila ilipowezekana. Nilimwona akibadilika hata namna ya kuongea. Mtu aliyekuwa akikaa pembeni akaanza kukaa katikati.

Huko Mofu kulikuwa na Veronika. Alikuwa akiimba sauti ya pili, na kaka alisema kwamba ndiye mwanakwaya pekee Mofu nzima asiyevutwa na sauti ya kwanza. Kwa mwalimu wa kwaya, hayo ni maneno ya mapenzi. Alinipeleka kwake mara moja, nimepakiwa nyuma ya skuta, na Veronika akatupikia kambale wa kuchemsha kwa nyanya na wali wa mpunga mpya, akaniita wifi kabla hata sijamaliza kunawa mikono. Barua ya posa ilikuwa imepelekwa na haikurudishwa. Lakini baba yake alikuwa na neno. Tulilisikia sote, kwa sababu alilisema jikoni kwa mkewe na ukuta wa matete hauzuii sauti. "Kijana ni mtu wa watu, sikatai. Ila utazame mguu ule. Mwanaume asiyeweza kufika kwangu mwenyewe, mwanangu akishikwa na uchungu usiku atamfikishaje hospitali?" Mama alimjibu kwamba si amefika, na chombo chake kile pale nje. "Chombo kile pale," mzee akasema. "Basi aendelee kufika. Mpunga ukiiva, aje ajitambulishe mbele ya ndugu, tumalize." Kaka hakuinua macho kwenye sahani. Akaendelea kuchambua mifupa ya kambale taratibu, na njiani wakati wa kurudi aliimba mpaka tukafika.

Sasa nije kwenye mafuta. Skuta ilikuwa na garantii ya mwaka mmoja. Kila ilipofika siku yake kaka aliipeleka dukani, vijana wa Mzee Salehe wakaikokota nyuma ya duka, na yeye akakaribishwa barazani kwa kahawa na kashata. Mzee Salehe alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye kuuliza hali ya nyumba na waliomo ndani ya nyumba kabla ya kuuliza shida yako. Baadaye skuta ilirudishwa imefutwa vumbi, wakasema sevisi tayari. Kaka hakuuliza walichoifanyia huko nyuma. Angeuliza nini? Hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Siku ya sevisi ya mwisho nilikuwepo, nimekwenda kununua uzi, na nilimsikia Mzee Salehe kwa masikio yangu haya. "Haya mwanangu, garantii yako leo imekwisha. Chombo ni chako sasa, wallahi kitakufaa. Ila kuanzia leo mafuta utajiwekea mwenyewe." Kaka akacheka. "Kwani siku zote nani alikuwa ananiwekea, Mzee?" Mzee Salehe naye akacheka, akidhani anataniwa, akampiga bega. Mimi nilicheka kuwazidi wote. Kaka alikuwa akijaza petroli kila alipopita, kwenye vituo na kwenye chupa za kando ya barabara, na alikuwa akijisifu kwamba skuta yake haijawahi kukauka njiani. Kiswahili chetu ni kipana lakini hapo kilituponza. Mafuta ni ya taa, mafuta ni ya kupikia, mafuta ni ya kujipaka, mafuta ni ya kuendea safari. Yale meusi ya kulainisha chuma, yanayokaa chini ya injini kimya kimya, yanayoliwa kidogo kidogo bila mtu kuona, nayo Mzee Salehe aliyaita mafuta, maana ndivyo alivyozoea kuyaita. Watu watatu tulisimama pale tukacheka, na kila mmoja akaondoka na maana yake.

Skuta ilikufa mvua za masika zikiwa zimeanza kunyesha, tukitoka Mkula. Nilikuwa nimempakata kuku tuliyepewa na wanakwaya. Kabla ya hapo kaka alikuwa amelalamika kwamba siku hizi inanguruma kama mtu mwenye mafua, akasema labda petroli ya chupa ina maji. Kisha nikasikia ukelele, kitu kama chuma kikisugua chuma, tairi la nyuma likaganda, tukateleza pembeni mpaka kwenye majani. Hatukuumia. Kuku alipiga kelele kwa niaba yetu. Kaka alijaribu kuiwasha, kitufe kikatoa mlio mdogo na kuacha. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akaingiza kijiti, akakitoa kimelowa. "Mafuta yamo," akaniambia. Akasema tena, "Mafuta yamo, Skola." Joto lilikuwa likitoka chini ya kiti na harufu ya kitu kilichoungua ambacho hakikuwa mpira. Nikamwambia apande nimsukume, akakataa. Nikaisukuma mimi, yeye akitembea kando kwa fimbo, mkono mmoja ameuweka kwenye kiti kana kwamba anamshika mgonjwa asianguke. Watu wa baiskeli walitupita wakitupa pole. Mwishowe gari lililobeba ndizi lilitupakia, skuta ikalazwa juu ya mikungu, na kaka akakaa nayo huko nyuma kwenye mvua ingawa dereva alimpa nafasi mbele.

Fundi alikuwa Masanja, Msukuma mnene mwenye kicheko, karakana yake ni mwembe uliokatwa matawi na mabati manne. Aliifungua injini siku iliyofuata juu ya gunia. Alikuwa amesema wazi kwamba pikipiki anaijua kama mfuko wake, lakini hii ni mdudu mwingine, tuombe Mungu. Alipofungua bolti ya chini hakikutoka kitu zaidi ya tope jeusi lililojaa ncha ya kidole. Akakifuta kidole kwenye gunia, akamtazama kaka. "Mwalimu, oili uliweka lini mara ya mwisho?"

"Mafuta? Tangi limejaa. Angalia mwenyewe."

"Siyo hayo, Mwalimu. Ya injini."

Nilimwona kaka akirudi nyuma kichwani mwake, akipita barazani kwa Mzee Salehe, kwenye kahawa na kashata, mpaka kwenye kile kicheko. Masanja naye alielewa, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema alijifanya ameangusha spana akainama kuitafuta. "Imenoki," akasema akiwa amejiinamia. "Pistoni imeshikana na silinda. Krenki sijui, tutaiona." Neno lile kunoki nilikuwa nikilisikia kila siku mitaani, watu wakilitumia kwa mtu aliyechoka au aliyelewa. Siku ile nililiona lilikotoka. Pistoni ilipotolewa kwa kugongwa kwa mti ilikuwa na michubuko mirefu ubavuni, na kaka akaomba aishike.

Tulikwenda kwa Mzee Salehe, si kwa ugomvi. Kaka alitaka tu kuuliza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. "Garantii ingekuwapo wala tusingekaa hapa kuongea," akasema. "Ningeandika, wangeleta injini nyingine. Sasa haipo, na hata ingekuwapo, wenyewe wangesema mtumiaji hakuweka mafuta." Akakisogeza kikombe pembeni. "Mimi nilisema mafuta, mwanangu. Sikusema petroli."

"Ulisema, Mzee. Nilisikia."

"Basi nisamehe, ningesema oili. Wallahi ningesema oili."

"Shikamoo, Mzee," kaka akasema, kama mtu anayeaga, na Mzee Salehe akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Yeye ndiye aliyepiga simu Dar es Salaam kutafuta silinda na pistoni, kwa kuwa Ifakara spea za pikipiki zilikuwa zimejaa kila duka lakini za skuta ile hakuna aliyewahi kuziona. Wakaahidi kutuma kwa basi. Tukaanza kungoja.

Nakumbuka kungoja kule kuliko ninavyokumbuka kitu kingine chochote cha mwaka ule. Skuta isiyo na injini ililetwa nyumbani ikasimama mahali pake kati ya kitanda na meza, chini ya kiti kuna shimo, na kaka akawa anaifuta vumbi kila asubuhi. Mvua ilinyesha juu ya bati mpaka tukawa tunaongea kwa kupigiana kelele. Tulikula mlenda na ugali, wakati mwingine perege mdogo mmoja tukigawana kichwa na mkia, kaka akiniachia upande wenye nyama na mimi nikijifanya sioni. Jioni alikaa mbele ya kinanda bila kukiwasha, akibonyeza vitufe visivyotoa sauti. Ukuta wa pili Mama Furaha na wenzake walikuwa wakikaanga vitumbua alfajiri na kutuchambua kama mchele. "Subira yavuta heri," mmoja alisema. "Na ngojangoja yaumiza matumbo," Mama Furaha akajibu. "Binti wa Mofu hawezi kusubiri chuma. Nasikia kuna dereva wa trekta kule shamba kubwa la Mngeta, kijana ana miguu miwili na injini ya kampuni." Wakacheka taratibu, wakijua tupo. Kaka alikuwa amelala macho wazi upande wa pili wa kitambaa kilichotenganisha vyumba, na mimi nilijua, kwa kuwa kitanda chake hakikulia hata mara moja.

Nilimwambia mara nyingi apande bodaboda akajitambulishe. Wengine walimwambia pia. Simu za mkononi zilikuwapo lakini Mofu ilibidi mtu apande juu ya kichuguu kuupata mtandao, na simu yenyewe ilikuwa ya baba yake Veronika, kwa hiyo kaka hakupiga. Kaka hakuwa mkaidi kwa tabia. Ila aliibeba ile sentensi ya jikoni, asiyeweza kufika kwangu mwenyewe, kama alivyoubeba ule mguu. Akiteremshwa na bodaboda mbele ya ndugu wote, akishikwa mkono, fimbo ikifuata baadaye, mzee angekuwa amejibiwa swali lake. Nilikasirika naye siku zile. Leo ninapokuwa na magoti yanayoniuma, na mwanangu ananishika kiwiko kila tukivuka barabara, naanza kuelewa alichokuwa akikilinda, ingawa kuelewa hakuniondolei hasira yote. Pistoni ilifika kwa basi, tukashangilia, Masanja akaipima na silinda akatikisa kichwa. Ilikuwa kubwa. Alikuwa amempa Mzee Salehe namba isiyo yake. Aliapa kwa mama yake mzazi, akaomba radhi mpaka ikawa aibu kumsikiliza, na Mzee Salehe akapiga simu upya.

Halafu ikaja pepeta. Kila mtu wa bonde anajua pepeta: mpunga mchanga, haujakauka vizuri, unakaangwa na kutwangwa ukiwa wa moto mpaka punje zinakuwa bapa, unatafunwa hivyo hivyo, mtamu wenye harufu ya majani. Pepeta ikionekana mjini, mavuno yamebisha hodi. Nilirudi kutoka kushona nikakuta kifurushi cha jani la mgomba mlangoni, kimefungwa kwa ugwe. Mama Furaha hakuwepo, mtoto wake akasema wameleta watu wa samaki wa Mofu. Nikajua kimetoka kwa nani. Kaka alirudi kutoka kwa Masanja jioni, macho mekundu, nikadhani ni vumbi la silinda. Nikamfungulia kifurushi mezani. Akakiinamia akanusa, akachukua punje chache akaziweka ulimini, kisha akakifunga tena kwa ugwe ule ule, fundo kwa fundo. "Mpunga umeiva," akasema. Hatukuila ile pepeta. Aliiweka juu ya kinanda mpaka ikaota ukungu, na mimi, ambaye sijawahi kutupa chakula, nikaitupa akiwa hayupo.

Pistoni ya pili ilikuwa sawasawa. Masanja aliikusanya injini kwa uangalifu wa mkunga, akamwaga oili safi mbele ya macho yetu, ya rangi ya asali, na kumwonyesha kaka kijiti cha kupimia kilichojificha chini kabisa mahali ambapo mtu asiyeelekezwa hawezi kupaona. Iliwaka kwa mara ya kwanza. Watu wa karakana walipiga makofi. Barabara ya Mofu ilikuwa bado na maji, ikabidi tungoje tena yapungue, na yalipopungua kaka aliondoka asubuhi amevaa shati jeupe la Pasaka. Nilipika wali wa nazi na samaki kitoga wa kukaanga kwa ajili ya habari njema. Akarudi siku hiyo hiyo jua likiwa bado juu. Akaipandisha skuta kwenye ubao, akaiegesha, akavua kofia, akanawa mikono. Alikula kila kitu nilichompakulia. Nilipomaliza kutoa vyombo akasema, "Wamemsindikiza kwa mume, Mngeta, Jumapili iliyopita." Nami nikakaa chini sakafuni nilipokuwa nimesimama. Kaka akaniambia baba yake Veronika alitoka nje aliposikia mlio, akamsalimia vizuri, akaizunguka skuta akiitazama, akamwambia, "Kumbe umefika, mwanangu. Tulijua umeacha." Kaka hakulizungumza tena jambo hilo mpaka alipokufa. Hakuoa. Alifundisha kwaya bonde lote, akajaza vyumba vyake watoto wa watu, na alipozeeka kidogo yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kuusimulia ule mzaha wa mafuta, kwa sauti ya Mzee Salehe na ya Masanja na ya kuku, watu wakavunjika mbavu. Alikata sehemu ya Mofu yote. Hadithi yake iliishia kwenye injini.

Basi jioni ile ya matanga, watu walipopungua, nilimfuata mwanamke wa mlangoni mwa jiko. Alisimama aliponiona. "Wifi," akasema, kisha akaziba mdomo kwa kitenge kama mtu aliyetoa neno la kukopa. Nikamwambia aniite hivyo hivyo. Tukakaa chumba cha kaka. Hakutafuta maneno, nadhani alikuwa ameyapanga miaka mingi. Akaniuliza kama mwaka ule tulikula pepeta yake. Nikasema ilifika, watu wa samaki waliileta.

"Niliileta mimi," Veronika akasema. "Nilipanda na watu wa samaki, nikamdanganya mama nakwenda kliniki. Nilikuja kumchukua. Nilitaka nimwambie, twende wote leo leo, tukae nyuma ya lori la samaki, tushuke mlangoni kwa baba tukinuka wote wawili, atufukuze au atupokee. Hapa sikumkuta mtu. Nikaacha kile kifurushi, nikaelekezwa kwa fundi."

"Sasa mbona hatukukuona?"

"Nilifika. Nikasimama nyuma ya mabati. Alikuwa amekaa kwenye tairi, ameshika kile chuma chake mkononi, analia. Sijawahi kumwona mwanaume akilia vile, wifi. Fundi anamwambia panda boda Mwalimu, mke anaondoka. Naye anasema, nikibebwa siku hiyo nitakuwa nimebebwa maisha yangu yote." Akajifuta uso. "Nikafikiri, nikijitokeza sasa, atajua nimemwona akilia. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimembeba. Nikasema ngoja aje mwenyewe. Nikarudi na lori lile lile. Baba alikuwa amengoja, nami nikangoja, mpaka mpunga ukakatwa wote. Mume wangu ni mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini kila trekta likiwaka asubuhi huwa nasikiliza kama ni ile skuta."

Nilimwonea huruma yeye, nikamwonea huruma kaka, na nikamkasirikia Mungu kidogo kwa kumpa mtu heshima nyingi kiasi kile kisha akamnyima sauti. Nilitaka kusema barabara ya kwenda Mofu na ya kuja Ifakara ni moja, ila alikuwa amekwisha kuipita kwenda na kurudi na alijua. Veronika aliinuka akaomba aione. Skuta ilikuwa pale pale kati ya kitanda na meza, ya kijivu, kiti kimeshonwa upya mara nyingi, ya mwisho kwa mkono wangu. Ilikuwa imefunikwa shuka. Kaka aliiendesha mpaka wiki aliyolazwa, na kila Jumamosi kabla ya kwenda Mkula aliinama kwa taabu, mguu ule ameunyoosha kando, akachomoa kile kijiti cha chini, akakifuta, akakichovya, akakiinua kwenye mwanga. Veronika aliondoa shuka. Akaweka kiganja juu ya kiti, akakiacha hapo, kama unavyompima mtoto homa.

"Ina mafuta?" akaniuliza.

"Yapi?" nikasema, na hapo ndipo nilipoanza kulia.